Nilimwacha Mchumba Dar, Nikaenda Kufundisha Sumatra

Barua ya posa ilishajibiwa na tarehe ya mahari ilishapangwa. Ndipo simu ikaita kutoka ofisi ya kanisa.

Mwenzenu nilikuwa na miaka 28, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya binafsi hapa Dar, na mchumba ambaye mama yangu alishaanza kumwita "mwanangu" kabla hajatoa hata senti. Fomu ya kujitolea nilijaza miaka miwili nyuma, mpango wa kubadilishana vijana kati ya makanisa ya Kilutheri. Nilijaza nikasahau. Halafu Aprili 2023 simu ikaita: nafasi imepatikana, kufundisha Kiingereza sekondari, Indonesia, kisiwa cha Sumatra, Julai mpaka Desemba. Tiketi yao, chakula na malazi vyao, posho ya kununulia sabuni na vocha.

Mahari ilikuwa Agosti.

Nilimwambia tukiwa Coco Beach tunakula mihogo. Akatafuna kwanza mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Sumatra? Si walishaibadilisha ikawa LATRA?" Tukacheka sana. Nilivyokuja kufikiria baadaye, nadhani kile kicheko ndicho kilichotuponza, maana tulicheka badala ya kuzungumza. Alisema nenda, miezi sita si miaka, mahari tutasogeza Januari. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Upande wa kwao shangazi yake hakucheka hata kidogo. Alisema hajawahi kuona mwanamke anayekimbia mahari kwa ndege.

Kwa nini nilienda? Watu wengi wameniuliza, na jibu la kanisani ni kutumika. Ni kweli. Lakini kwa kuwa tunaambiana ukweli hapa, kulikuwa na jingine: nilikuwa nimetoka kwa baba nikaingia hosteli, nimetoka hosteli nikaenda kwa dada, na sasa nilikuwa natoka kwa dada kwenda kwa mume. Sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna anayenijua. Nilitaka nijione.

Kufika

Waliotutuma walitupa semina ya siku mbili. Tukafundishwa kuhusu mbu, chanjo, mavazi ya heshima na kutokunywa maji ya bomba. Upweke haukuwemo kwenye ratiba.

Kutoka uwanja wa ndege wa Medan ni mwendo wa saa 5 hivi kwa gari kwenda milimani, hadi unapoliona Ziwa Toba. Jamani! Ziwa lenye urefu wa kilomita kama 100, limekaa mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya shimo lililoachwa na mlima wa moto uliolipuka miaka 74,000 iliyopita au karibu na hapo. Katikati kuna kisiwa, Samosir. Mimi nilipangiwa mji mdogo upande wa kusini, si mbali na Balige. Baridi yake ni ya kwetu Lushoto. Nilibeba magauni ya Dar na sweta moja, ujinga mtupu.

Wenyeji ni Wabatak, na wengi wao ni Walutheri kama mimi. Hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwenye semina. Wamisionari wa Bethel walifika kwetu Mlalo, Usambara, mwaka 1891. Wenzao wa Rhenish walishatangulia Sumatra; Nommensen, ambaye Wabatak wanamtaja kama babu yao wa imani, alifika 1862. Mashirika hayo mawili ya Kijerumani yaliungana mwaka 1971. Kwa hiyo Jumapili yangu ya kwanza nimekaa benchi la nyuma, sielewi hata neno, kinanda kinaanza, na mimi sauti ya pili naijua! Wimbo wa Luther ule wa ngome. Nikauimba kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka akaniangalia, akageuka tena, halafu akahama benchi akaja kukaa pembeni yangu. Wabatak wanaimba, si mchezo. Wanaume wote, sauti nne, bila kusukumwa.

Huyo mama ndiye niliyekuja kukaa kwake. Mjane, mwalimu mstaafu. Nilimwita Inang, yaani mama, kama wote wanavyomwita mwanamke wa umri wake.

Bado

Swali la kwanza la Mtanzania ni habari. Kule nako ni "Apa kabar?", na hiyo "kabar" ndiyo habari yetu hiyohiyo, wote tumeipata kwa Mwarabu. Swali la pili: umekula? La tatu: unaenda wapi? La nne, kabla hujaweka hata mkoba chini: umeolewa?

Siku za mwanzo nilijibu "tidak", hapana. Watu wakawa wananiangalia kwa huruma. Inang akanirekebisha jikoni: hapana ni ya mtu aliyeamua kutoolewa maisha yake yote. Unajibu "belum". Bado. Nikamwambia hata kwetu ni hivyohivyo, mtu haulizwi watoto akajibu sina, anajibu bado. Akafurahi kama nimempa zawadi. Tangu siku hiyo kila nilipoulizwa, "belum". Muuza samaki, belum. Mchungaji, belum. Dereva wa angkot, vile vihaisi vyao, belum. Kwa siku naweza kuisema mara sita, na kila nikiisema namfikiria mtu wangu.

Nisiwadanganye, wiki ya tatu ilinishinda. Wali asubuhi, wali mchana, wali usiku, na pilipili ambayo si pilipili ni adhabu. Wana kiungo kinaitwa andaliman, kinaua ganzi ulimi mzima. Maji ya kuoga ya baridi, unachota kwa kopo kwenye birika la saruji. Hilo halikunishtua, hata kwetu tumeoga hivyo, ila kwa baridi ile saa 11 alfajiri nilikuwa naomba kwanza. Nilitafuta unga wa sembe nikapata unga mweupe wa mahindi nikasonga, ikatoka gundi ya kubandikia bahasha. Kwenye vibanda vya chakula kuna vibao, B1 na B2. B2 ni kitimoto. B1 ni mbwa. Nilijifunza tofauti kabla sijala, namshukuru Mungu.

Nywele je? Mji mzima hakuna anayejua kusuka. Mwezi wa pili nikanyoa. Watoto walinigusa ngozi, wakapiga picha, wakauliza kama natoka Papua. Akina mama wakaniita "hitam manis", mweusi mtamu, wakidhani wananisifu, kisha tangazo kwenye televisheni linauza krimu ya kung'arisha. Hasira zilinipanda mpaka nikakumbuka mkorogo wetu Kariakoo. Nikanyamaza.

Kilichoniokoa ni mboga. Jioni moja mvua inapiga bati, Inang akaleta bakuli: majani ya mhogo yaliyotwangwa, tui la nazi, yameiva vizuri. Kisamvu! Wao wanaita daun ubi tumbuk, na wanaongeza vitu vyao, lakini ni kisamvu. Nilikula huku machozi yanadondoka. Inang akadhani pilipili imezidi.

Dada ni kifua

Shule ilianza saa 1:15 asubuhi. Jumatatu wanafunzi wote wanapanga mstari kupandisha bendera, na neno lao ni bendera, herufi kwa herufi. Nilipewa madarasa matatu ya wenye miaka 12 hadi 15, kila darasa watoto 30 na kitu.

Hapa naomba niseme jambo ambalo vijana wanaotaka kujitolea hawapendi kulisikia. Mwalimu wa Kiingereza wa pale alikuwa ananizidi sarufi. Alikuwa na shahada, ana miaka 15 darasani, analipwa kidogo, na hakuniomba. Mimi nimekuja na cheti changu na makofi ya usharika, mtu wa miezi sita. Ningeingia kwa kishindo ningemharibia kazi. Nilikaa wiki mbili nyuma ya darasa nikimsikiliza. Kisha tukakubaliana: yeye sarufi na mitihani, mimi kuwafungua midomo. Maana watoto wale walikuwa wanasoma vizuri, wanaandika vizuri, ukiwauliza jina lao wanaangalia chini.

Niliwafungua kwa Kiswahili. Siku moja nikaandika ubaoni "meza", nikagonga meza. Wakacheka: kwao ni "meja". Nikaandika karatasi, wao "kertas". Kamusi, "kamus". Wakati, "waktu". Sabuni, "sabun". Swali, "soal". Nanasi, "nanas". Meza na bendera zililetwa na Mreno huku na kule, nyingi ya zilizobaki ni za Kiarabu. Bahari ni moja, wafanyabiashara walipita pande zote mbili. Darasa likawa soko. Mtoto ambaye hajawahi kufungua mdomo akasimama akataka kujua kama kuna neno "kuku". Nikachora kuku. Wakaanguka. Kwao kuku ni ukucha.

Nikajichanganya nikawaambia kwetu mwanafunzi anaweza kuniita dada. Kimya. Kisha kicheko mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. "Dada" kwao ni kifua. Nikajaribu kujiokoa, nikatoa picha ya babu yangu wa Mlalo: huyu ni babu. Kumbe "babu" ni kijakazi! Nikakaa chini. Lakini kuanzia pale wakawa wanazungumza, maana mwalimu naye kumbe anakosea na hafi. Maswali yote yakaja kwa Kiingereza, kibovu, kitamu, na tukaendelea hivyo. Tarehe 17 Agosti, siku yao ya uhuru wa 1945, walinivuta kwenye mashindano ya kula kaukau za kamba, mikono nyuma. Nikashika mkia.

Usiku wa saa tatu

Sasa tuje kwenye lile lililonipeleka kuandika. Sumatra iko mbele ya Dar kwa saa nne. Akitoka kazini saa 11 jioni, kwangu saa 3 usiku, na mimi kesho natakiwa kuamka saa 11. Jumapili nikitoka ibadani saa 7 mchana, yeye ndiyo saa 3 asubuhi, yuko ibadani. Tulikubaliana robo saa kila usiku. Mwezi wa kwanza tulizungumza lisaa. Wa pili nikawa nasinzia kwenye simu, naye anasikia ninavyokoroma. Agosti mwishoni yeye mwenyewe akaanza kuwa mfupi. "Poa." "Nimechoka." "Lala tu."

Septemba nilialikwa harusi. Msomaji, kama unadhani harusi zetu zina mambo, nenda Batak. Kutwa nzima, mamia ya watu, kila mtu anajua anakaa upande gani. Wana mahari, wanaiita sinamot, na kikao chake kina washenga na maneno ya mafumbo kuliko chetu. Wana msingi wa undugu unaoitwa Dalihan Na Tolu, maana yake mafiga matatu: ukoo wako, ukoo uliowapa mke, na ukoo mliouoza binti. Likikosekana moja chungu hakikai. (Nilijaribu kumweleza Inang kuhusu mafiga matatu ya CCM, nikaona isiwe tabu.) Ndugu wa bibi harusi wanakuja na ulos, kitambaa cha kufumwa, wanawazungushia maharusi wote wawili kwa pamoja, kitambaa kimoja mabega manne. Mimi nikavutwa kwenye mstari wa ngoma, pembeni yangu mwalimu wa hesabu. Mtu akapiga picha. Nikaweka kwenye status.

Usiku ule meseji moja tu: "Naona umeshapata wa huko."

Nikapiga, hapokei. Nikaandika ukurasa mzima, tiki mbili za bluu, kimya. Siku kumi na moja! Nilifundisha kama mashine. Chakula hakipiti. Nilitafuta bei ya kubadilisha tiketi, nikaona ni kubwa kuliko posho zangu zote, na ya mwezi huo yenyewe ilikuwa haijaingia bado. Nikaanza kufikiri kwamba shangazi alikuwa sahihi.

Inang hakuuliza. Siku ya tisa aliweka chai mezani akasema, kwa Kiindonesia chepesi ili nielewe, kwamba mume wake alikwenda kutafuta kazi Batam miaka miwili, na mwaka wa pili barua zikakoma. Akadhani ni mwanamke. Hakumwandikia yeye. Alimwandikia dada yake. "Mafiga mawili yakigombana," akanionyesha kwa vikombe, "unamtafuta la tatu."

La tatu kwangu alikuwa wifi, dada yake mkubwa, ambaye kwa kweli nilikuwa namwogopa. Nikampigia nikitetemeka.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Nilijua utapiga. Umechelewa."

Akanieleza. Mkataba wake kazini uliisha mwisho wa Julai, kampuni haikuuongeza. Alikuwa anaaga nyumbani kila asubuhi amevaa shati la kazi, anashinda kwa rafiki yake Tandika. Hela ya mahari aliyoweka imeshaliwa na kodi ya nyumba. Ndiyo maana alikuwa mfupi kwenye simu. Kila nilipouliza "kazini vipi?" nilikuwa namchoma, na mimi namtumia picha za ziwa.

Nilikasirika, msinione malaika. Nilikasirika kwamba amenidanganya miezi miwili na kisha akanishtaki mimi. Nilikaa nayo usiku kucha. Asubuhi nikamtumia sauti, dakika moja: "Nimeongea na wifi. Najua. Nimekasirika, na bado nakupenda. Nipigie ukiwa tayari." Alipiga saa 9 ya usiku wa kwangu. Hatukuzungumza mapenzi hata kidogo. Tulizungumza kodi, madeni, anamdai nani, anadaiwa na nani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tulizungumza kama watu wanaotaka kuoana. Nikamwambia nirudi? Akajibu, "Ukirudi sasa tutakuwa wawili hatuna kazi, na watoto wa watu umewaacha njiani. Maliza."

Kurudi

Oktoba na Novemba zilikimbia. Wanafunzi walianza kuuliza "Miss pulang kapan?", mwalimu unaondoka lini, na hili ndilo ubaya wa miezi sita: unawazoea wakati ambapo begi lako liko mlangoni. Walishazoea watu wanaokuja na kuondoka. Msichana mmoja aliniambia kwa Kiingereza, sentensi nzima bila kosa, kwamba mwaka ujao hatampenda mwalimu mgeni ili asilie tena. Sina jibu la hilo mpaka leo. Nilichofanya ni kumwachia mwalimu mwenzangu daftari la michezo yote tuliyotumia, na najua anaitumia kwa sababu huwa ananitumia video.

Kama unafikiria kwenda, beba sweta mbili na hela yako mwenyewe ya angalau miezi miwili, maana posho huchelewa. Jifunze kuhesabu na kuomba msamaha kwa lugha yao kabla hujapanda ndege. Na kama una mtu, msipange tu muda wa kupigiana. Pangeni nani mtamwendea mkinyamaziana.

Siku ya kuondoka Inang alinifunga ulos begani, kisha akaufungua akaukunja akaniwekea kwenye begi. Huu si wako, akasema. Huu ni wa watu wawili, usiuvae peke yako.

Nilitua Dar tarehe 20 Desemba. Alikuwepo, amekonda, amevaa lile shati la kazi. Hatukujua tukumbatiane au tusalimiane kwa mkono, tukabaki tunagombania begi. Kazi alipata Februari, si nzuri sana. Mahari ililetwa Machi, nusu yake, na baba yangu akasema nyingine watoto wataidai. Wageni walipoondoka nikatoa ulos kwenye begi. Akaushika, akaugeuza huku na huku.

"Shuka ya nini hii?"

Nikamwambia asogee.